Gari Lililozeeka Baharini

Niseme mapema: Perez Adoyo si tapeli, hata kama wiki hii nusu ya mtaa wa Pioneer inamwita hivyo. Mimi huuza vipuri kando ya yadi yake, na namjua mwanamke huyu tangu alipofika Eldoret kutoka Siaya akaanza kwa kuosha magari ya watu.

Siku hizi anaagiza magari ya mitumba kutoka Japani. Sheria hairuhusu gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe huko mara ya kwanza, na mteja wa kawaida hawezi bei ya gari changa. Kwa hivyo Perez huchagua yale yaliyo katika mwaka wa mwisho wa kuruhusiwa, maana ndiyo nafuu. Gari likishapanda meli, humwambia mteja auze lake la zamani ili pesa za ushuru ziwe tayari. Kila mtu kwenye biashara hii hufanya hivyo.

Mzee Wepukhulu wa Ainabkoi, anayebeba maziwa ya majirani hadi mjini kwa pikapu yake, alimwamini akaagiza gari kwake. Novemba Perez alimwambia, "Mzee, Probox yako iko majini. Uza ile pikapu." Akauza.

Meli ikakwama bandari ya njiani. Krismasi ikapita, mwaka mpya ukaingia gari likiwa bado baharini, na lilipofika Mombasa likaambiwa limezeeka. Lirudi lilikotoka, kwa gharama ya aliyeagiza. Hapo ndipo hasira hunipanda. Gari limelala ndani ya meli, halijasogea hata hatua moja, eti limezeeka.

Habari hiyo ilimkuta Obonyo, mdogo wake Perez, akiwa bado likizoni kwa dada yake hapa Eldoret. Obonyo huunganisha magari mapya katika kiwanda kimoja kule Thika. Dada yake analia waziwazi, yeye anatuhubiria.

"Sister, hiyo sheria ndiyo inanilisha," akasema. "Mkijaza mitumba hapa, sisi tutaunganisha nini?"

"Na wewe umeshanunua hata moja ya hizo zenu?" Perez akamuuliza.

Obonyo alikuwa ameegemea gari lake, Fielder ya Japani, aliyoagiziwa na huyo huyo dada yake. Kijana anafunga boliti za magari mapya kutwa nzima na mshahara wake haununui hata moja. Nilimwonea huruma, lakini kidogo tu.

Mzee Wepukhulu akaingia langoni, ameshuka kwa boda, kofia mkononi. Hakugomba. Afadhali angegomba. Alisema magari ya kukodi yamemshinda bei na maziwa ya jana yameharibika, kisha akauliza, "Sasa Mama, ya leo nitabeba na nini?"

Perez akajipangusa uso, akamnyooshea Obonyo mkono. "Lete ufunguo. Mzee atatumia hii yako mpaka nimpatie ingine."

Obonyo akaruka kama aliyekalia jiko. "Sister, kesho naingia kazi. Mimi nitarudi Thika na nini?"

Mzee alikuwa akimtazama bila uchungu wowote, kama mtu anayengoja kusikia jibu ili naye alitumie. Obonyo akaangalia chini. Mwishowe akatoa ufunguo, akampita dada yake, akauweka mkononi mwa mzee.

Safari ya kwanza ya Mzee Wepukhulu na ile Fielder ilikuwa kumpeleka Obonyo mwenyewe stendi, akapande basi arudi kufunga boliti.