Siku Niliyomfufua Mtu Aliyekuwa Amesinzia

Aibu hii heri niisimulie mwenyewe, kabla hamjaisikia kwa manesi wakiwa wameitia chumvi. Nilikuwa nasomea ubingwa wa moyo, wa watu wazima waliozaliwa na kasoro ya moyo, na asubuhi hiyo Profesa Njoroge alikuwa anachagua daktari mmoja tu wa kumalizia mafunzo naye. Nilitoka Kinoo nimepiga pasi hadi soksi.

Kwenye benchi la kliniki alikaa Bwana Mutua, muuza nati na bolti wa River Road, kichwa kimeinama. Nilitaka profesa akifika anikute nimeshampima mtu, nikaona salamu zitanichelewesha (hapo ndipo nilipoharibu), nikanyakua mkono wake wa kulia kutafuta mapigo, nikapapasa, nikapapasa tena, hola. Kama anapumua sikuangalia; niliona midomo ya buluu, ikanitosha.

"Msaada! Moyo umesimama!" Nikamvuta sakafuni, nikapasua shati vifungo vikatawanyika, nikaanza kumkandamiza kifua, nesi anakimbia na machela, wagonjwa wanakemea shetani, mama mmoja keshaanza wimbo wa mazishi, na Bwana Mutua akafumbua macho.

"Wee dada! Kwani nimekufa?"

Koridoo nzima ikaangua kicheko. Profesa alikuwa nyuma yangu, ameokota kifungo.

"Daktari Wambui, marehemu anaongea. Sasa tueleze mbona mkono wake hauna mapigo."

Nilitamani sakafu inimeze. Lakini shati lilikuwa wazi, na ubavuni, chini ya kwapa la kulia, niliona kovu refu la zamani. Nikashika mkono wa kushoto: mapigo yanadunda kama ngoma.

"Ulipasuliwa utotoni?"

"Nikiwa nasari."

Basi nikaeleza kwamba mshipa mkubwa wa mkono wa kulia ulikatwa ukaelekezwa mapafuni, ili mtoto aliyekuwa akigeuka buluu apate damu yenye hewa. Mkono ukabaki kulishwa na vijishipa vidogo.

Profesa akanipa kifungo. "Mshonee. Kisha uje ofisini, nafasi ni yako."

"Mpe kabisa," Bwana Mutua akadakia, "lakini asinifufue tena!"

Leo mimi ndiye bingwa wake, na kila akija kliniki hupaza sauti tangu mlangoni: "Daktari, niko hai!" Nami niliapa, na sijavunja: salamu kwanza, tena kwa mikono yote miwili.