Nilisoma Mapenzi ya Wajapani Kinyume

Kosa ni langu, na sitaki mtu anisaidie kulibeba. Watu wa soko letu la Kabati walionijua miaka ile ya themanini watacheka wakisoma hapa, na wacheke tu. Lakini kuna mmoja ambaye hakucheka mpaka mwisho, na ni kwa sababu yake ninaandika.

Mimi ni fundi wa nguo. Wakati huo nilikuwa na cherehani moja kwenye baraza ya duka la vitambaa, nilikuwa na mdomo mrefu, na sikuwa nimeolewa. Sijui kama hayo matatu yanahusiana.

Sekondari ya karibu ililetewa mwalimu wa hesabu kutoka Japani, msichana mpole anayeitwa Naomi. Kumbe hata kwao jina hilo lipo, lakini sisi tungejuaje? Akina mama wa kanisa walisikia Naomi, wakasema huyu ameokoka, na Jumapili iliyofuata wakamwita mbele atoe ushuhuda. Maskini akasimama, akatuambia kwamba anapenda sana ndengu. Tukapiga makofi.

Naomi alikuwa mteja wangu wa sketi. Siku moja akaja na katoni ya vitabu, akaniomba nimwekee juu ya rafu yangu, maana mchwa walikuwa wamekula kamusi yake yote na sasa walikuwa wanatafuta kitu kingine. Akasema nikitaka nisome. Vilikuwa hadithi za mapenzi za kuchorwa, na akaniambia kwao zinaitwa manga. Mimi neno hilo nililijua kwa pilipili tu.

Maandishi yalikuwa kama nyayo za kuku, lakini picha! Wavulana nywele zimewaingia machoni, wasichana macho kama visahani vya chai. Sikuhitaji maandishi. Nilifungua kitabu cha kwanza jinsi ninavyofungua Biblia, jinsi ninavyofungua kitabu cha nyimbo, jinsi kila mtu niliyemjua anavyofungua kitabu. Hapo ndipo nilipopotea, na nilipotea kwa furaha sana.

Siku za soko akina mama wakawa wanakaa barazani kwangu wakisubiri nguo zao, na mimi nawasomea. Kurasa za watu kubusiana nilizifunga kwa pini za nguo, kwa heshima ya kanisa. Hadithi zote zilikwenda njia moja. Zilianza na wawili wamekumbatiana, wenye raha zao. Halafu mvua na machozi. Halafu msichana ana vipande vya barua mkononi, na ukurasa unaofuata barua ni nzima. Mwishowe wanagongana njiani, vitabu vinaanguka, na ukiangalia nyuso zao unaona wazi kwamba hawajuani kabisa.

Niliwaeleza akina mama kwamba Wajapani wameyaelewa mapenzi kuliko sisi. Hawadanganyi mtu. Unaanza na harusi, unaishia na mgeni.

Mama Kioko, aliyekuwa ameolewa miaka ishirini, aliitikia kwa kichwa mpaka kitambaa chake kikaanguka. "Hiyo ni ukweli kabisa," akasema. "Mimi na Baba Kioko tulianza na keki. Saa hii tunapitana kwa mlango kama watu wa stage ya matatu."

Ungefanya nini wewe? Nikajiona nimepewa kipawa. Wakaanza kuniita Jaji. Mtu akileta gazeti la hadithi za picha kutoka Nairobi, ananipa nilihukumu. Nikikuta linaishia harusini, nalirusha pembeni. Nasema hii ni bure, hii imekata pale utamu ungeanza. Hadithi ya mapenzi ikikuacha unatabasamu, ujue mchoraji ni mvivu! Hayo ni maneno yangu, niliyasema kwa sauti, mbele za watu, na watu waliyarudia sokoni.

Sasa Mwende. Mwende alikuwa rafiki yangu tangu darasa la pili. Kazi yake ilikuwa kuandika majina ya maduka na kuchora ng'ombe kwenye kuta za bucha, na ng'ombe wake walikuwa wazuri mpaka ungewahurumia. Lakini moyoni alitaka kuchora hadithi. Gazeti moja la vijana wa kanisa lilikuwa limetangaza linatafuta mchoraji wa hadithi ya mapenzi yenye adabu, na atakayependeza ataajiriwa awe anachora kila mwezi. Mwende akachora kurasa thelathini, akaniletea mimi kwanza. Kwa nani tena? Si mimi ndiye Jaji!

Ilikuwa hadithi ya msichana anayesuka vyondo, vile vikapu vyetu vya mkonge, sokoni Zombe na kijana anayetengeneza pampu za visima. Wanaanza kwa kugombana kwenye foleni ya maji, hata majina hawajuani. Polepole wanazoeana, wanakoseana, wanalia, wanapatana. Ukurasa wa mwisho kijana na wazee wake wanafika nyumbani kwa msichana na mbuzi watatu wa ntheo, wale ambao kwetu Ukambani bila wao hata ukivaa pete wazee hawakuhesabu kuwa umeolewa.

Nikuambie ukweli, niliposoma mara ya kwanza nilitokwa na machozi. Lakini Jaji hatokwi na machozi bure. Nikamwambia picha ni nzuri ila hadithi imekaa vibaya. Aigeuze. Aanze na mbuzi, amalizie na wale wawili kwenye foleni wakitazamana kama wageni.

Mwende akazipekua kurasa mpaka ile ya mwisho. Kisha akaniuliza, "Na mbuzi je? Zikishaletwa, hawa wataachana aje bila mtu kuzirudisha?"

Nikamjibu, "Wajapani hawaulizi mbuzi."

Jamani, nikikumbuka jibu hilo hata leo masikio yanachomeka. Alikuwa ameliona tatizo lote kwa swali moja, na mimi nikamnyamazisha na watu ambao sijawahi hata kuonja chakula chao. Akanitii. Akazipanga kurasa upya, akaandika namba mpya, akazitia kwenye bahasha kubwa na kuniachia, kwa sababu Alhamisi nilikuwa naenda Kitui kununua nyuzi na ningepitia posta.

Jumatatu ya wiki hiyo Naomi akaja kuchukua sketi. Alinikuta na kitabu mapajani, akaniuliza kama ninakipenda. Nikaanza kumwonyesha nilipofika. Akaona pini zangu, akafunika mdomo. Kisha akakitoa kitabu mikononi mwangu taratibu, akakigeuza nyuma kuwa mbele, akanirudishia.

"Dada, samahani," akasema kwa Kiswahili chake sanifu kuliko chetu. "Sikukueleza. Kitabu chetu kinaanzia huku."

Nikafungua huku. Wawili wakagongana njiani, vitabu vikaanguka. Wakaulizana majina. Msichana akaandika barua, kisha akaichana. Mvua ikanyesha, wakalia, wakakosana, wakatafutana. Na mwisho kabisa, baada ya pini, walikuwa wamekumbatiana.

Nilicheka pamoja na Naomi mpaka cherehani ikatikisika. Alipoondoka, macho yangu yakaangukia ile bahasha ya Mwende juu ya rafu.

Sikiliza hapa vizuri, maana mpaka hapa mimi ni mshamba tu, na ushamba si dhambi. Nilikuwa na Jumatatu jioni, Jumanne na Jumatano. Nyumba ya Mwende ilikuwa mwendo wa dakika kumi. Ningemwambia tu, rudisha kurasa zako kama zilivyokuwa. Lakini niliona uso wa Mama Kioko. Nilisikia soko zima likicheka, Jaji wetu alikuwa anasoma kitabu kutoka matakoni! Nikajiambia pengine hao wa gazeti watapenda. Nikajiambia ameshaweka gundi kwenye bahasha. Alhamisi nikaipeleka posta kwa mkono wangu mwenyewe.

Jibu lilikuja baada ya miezi miwili, na kurasa zote ndani. Walimsifu mkono wake. Lakini mhariri, ambaye bila shaka alikuwa Mkamba, alisema hadithi imemshinda. Alisema ukurasa wa kwanza wazee wamepokea mbuzi, ukurasa wa mwisho bibi na bwana wanaulizana majina, na yeye amesoma mara tatu akitafuta mbuzi walirudishwa lini.

Mwende alinisomea barua hiyo barazani kwangu. Hakunilaumu hata kidogo. Alisema sasa amejua, mkono anao ila kichwa cha hadithi hana, na afadhali ameambiwa mapema. Mimi nilimmiminia chai. Nikamwambia pole. Sikusema lingine.

Baadaye nilipita alipokuwa anachora bucha mpya, nikamwona anapangusia brashi zake na zile karatasi. Yule msichana wa vyondo alikuwa na rangi nyekundu uso mzima.

Nilikaa na jambo hilo miaka mitatu. Naomi alikwisha rudi kwao, vitabu nikaviweka chini kabisa ya vitambaa, na nikiitwa Jaji nageuza maneno. Siku moja Mwende alikuja na kitambaa, akaniambia kwamba ameposwa, na mimi ndiye nitakayemshonea gauni. Alikuwa na furaha sana nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia yote, nikianza na pini, na kwenye pini alicheka kweli. Akacheka nilipomweleza jinsi Naomi alivyogeuza kitabu. Kisha akaacha.

"Hiyo siku," akauliza, "bahasha ilikuwa bado kwako?"

Nikasema ndiyo.

Alikunja kile kitambaa alichokuwa amenunua, polepole, pembe kwa pembe.

"Kusoma kinyume ni kitu ya kucheka," akasema. "Hiyo tungecheka mpaka tuzeeke. Lakini miaka tatu nimeamini mimi ni mjinga, na wewe ulikuwa unaniangalia tu nikiamini."

Nilimwomba msamaha, na alisema amenisamehe, na nafikiri ni kweli. Nilimuuliza kama atachora tena. Akasema ameisahau sura ya yule msichana. Gauni lake la harusi lilishonwa na fundi wa upande wa pili wa barabara. Nilikaa kwenye cherehani yangu nikimtazama akiingia kupimwa, mara tatu.

Basi wewe unayependa kuulizwa maoni, wewe ambaye watu wanakuletea kazi zao uwaambie imefaa au haijafaa, nakuomba. Kukosea utakosea. Ukijua umekosea, nenda umwambie mwenyewe siku hiyo hiyo, hata kama soko zima litakucheka. Kicheko cha soko kingekwisha kwa wiki moja. Mimi nilikikwepa, na mpaka leo nikiona ukuta wa bucha wenye ng'ombe mzuri, napita upande mwingine.