Bakuli la Nane la Cherono

Jumapili, baada ya ibada ya Kiswahili, chai inabaki. Zamani, ilipopikwa na Cherono, haikuwa ikibaki. Ukumbi wa chini wa kanisa, kule Rexdale, Toronto, unanukia tangawizi kama siku zote, vikombe vimepangwa, mandazi yapo, na Libérata, mama kutoka Burundi mwenye mikono mikubwa na roho kubwa zaidi, anazungusha upawa ndani ya sufuria akisema karibuni, karibuni. Watu wanakunywa. Wanamsifu, tena kwa sauti ya juu kupita kiasi, jinsi mtu anavyomsifu mtoto aliyesahau maneno katikati ya wimbo. Halafu mmoja mmoja wanakumbuka magari yao na zamu zao, na ukumbi unanyamaza saa nzima kabla ya wakati wake. Jina la Cherono halitajwi. Lakini kiti kilicho karibu na jiko hakikaliwi na mtu. Hakuna aliyekataza. Ni vile kila mmoja bado anadhani mwenye kiti ameinuka kidogo tu, kwenda kuongeza majani.

Cherono aliyajua majani ya chai kabla ya kujua kusoma. Alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa shamba moja nje ya Kericho. Mama yake alikuwa mchumaji, na likizo za shule zilimkuta binti naye kwenye mistari, kikapu mgongoni, umande ukimlowesha hadi kiunoni. Toronto alifika akiwa na miaka thelathini na miwili. Akapata kazi ya kuhudumia wazee katika nyumba moja ya kuwatunza huko Etobicoke, saa moja asubuhi hadi saa tisa alasiri. Kumwosha mzee mmoja na kumvisha kulipangiwa dakika kumi na mbili. Aliishi ghorofa ya kumi na moja, kando ya barabara ya Kipling, na Lynette, msichana wa Nakuru aliyepakia mizigo katika ghala karibu na uwanja wa ndege.

Ughaibuni una namna yake ya kumfinya mtu. Haumpigi. Unampunguza tu, kidogo kidogo, mpaka maisha yanabaki kuwa lifti, basi, kazi, basi, lifti. Cherono aliliona hilo mapema, akalikataa. Siku yake ya mapumziko ilikuwa siku ya kutoka. Alikwenda kuona Wachina wakicheza na simba wa kitambaa, Wahindi wakiwasha taa zao, Wakaribea wakitembea barabarani na manyoya mabegani. Alikwenda makumbusho akasimama mbele ya mifupa ya wanyama wasiokuwepo tena.

"Wewe Chero, huchoki?" Lynette alimwuliza asubuhi moja ya Mei, kutoka chini ya blanketi. "Si leo ni off yako?"

"Ndiyo maana naenda."

"Kuona nini sasa?"

"Maua. Miti ya micheri imechanua bustani ya High Park."

"Maua! Upande basi na treni kuona maua? Si uangalie haya ya kwenye pazia?"

"Hayo ya pazia nimeyamaliza."

Maua yale yalikuwa meupe yenye haya ya waridi, na yalikuwa yameanza kudondoka. Watu walijazana chini yake na simu zao, kama wanaosubiri mtu mashuhuri ashuke kwenye gari. Pale pale mama mmoja alikuwa akigawa vikaratasi: Jumamosi, katika jumba la utamaduni la Wajapani, upande wa pili wa jiji, kutakuwa na maonyesho ya chai. Cherono alikisoma kikaratasi mara mbili. Chai? Hicho ndicho kitu pekee duniani alichoamini hana la kujifunza.

Alikwenda. Akavua viatu, akakaa kwenye mkeka pamoja na wageni wengine. Bibi mdogo wa mwili, mwenye kimono cha rangi ya majivu, aliingia akitembea kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto, akapiga magoti mbele ya birika la chuma. Nusu saa nzima ikapita. Mwishowe Cherono akapewa bakuli lenye mafunda matatu ya kitu cha kijani, kichungu, kisicho na maziwa wala sukari. Alitaka kucheka. Nusu kikombe! Kwao, chai ya namna hiyo hupewa mgeni anayetakiwa aondoke.

Lakini kicheko hakikutoka. Alikuwa amemtazama yule bibi akifuta bakuli, na katika ufutaji ule hapakuwa na saa ukutani. Hapakuwa na dakika kumi na mbili. Palikuwa na bakuli, na mtu atakayelinywea. Wiki iliyofuata alirudi kujiandikisha kuwa mwanafunzi.

Kanisani habari ilifika kabla yake.

"Mkipsigis wa Kericho amekwenda kufundishwa chai!" Lynette alitangaza, mkono kiunoni. "Mnasikia? Na hawaweki maziwa!"

"Sista Cherono," alisema Mzee Gitonga, mzee wa kanisa, aliyekuwa mkaguzi wa shule huko Meru na bado alitazama kila kitu kama daftari la mwanafunzi, "wakimaliza kukufundisha kuchemsha maji, na wewe wafundishe kukamua ng'ombe."

"Nitawaambia, Mzee."

"Tena waambie sisi Wakristo hatunywi mchicha."

Alicheka pamoja nao. Alikuwa mtu wa kucheka, na kucheka hakukumpunguzia kitu. Kwa miaka minne, kila Jumamosi aliyoweza, alipanda basi la Kipling, akaingia treni, akapanda basi jingine. Alijifunza kufungua mlango wa kuteleza akiwa amepiga magoti, kukunja kitambaa, kushika upawa wa mwanzi kana kwamba ni mzito, na kitu kizito kama birika kana kwamba ni chepesi. Magoti yaliuma, kisha yakazoea.

Yule bibi, Mwalimu Hamanaka, alikuwa na miaka sabini na tisa. Alizaliwa kambini, kwenye milima ya magharibi mwa Kanada, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, serikali ilipowahamisha Wajapani wa pwani kutoka majumbani mwao. Toronto aliletwa akiwa mtoto. Kusifu hakukujua. Alipopendezwa alisema "tena", na alipochukizwa alisema "tena", na mwanafunzi alitakiwa kujua tofauti.

Kulikuwa na shule Kyoto iliyopokea wageni wachache kila mwaka, waishi huko na wasome chai kuanzia asubuhi hadi jioni. Ilitaka barua ya mwalimu. Katika miaka thelathini Mwalimu Hamanaka alikuwa ameandika barua mbili tu. Cherono, aliyekuwa amefika miaka arobaini na mitatu, aliitaka ya tatu kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote tangu viza ya Kanada, na siku moja ya Agosti akaiomba.

Mwalimu alimaliza kukausha bakuli kwanza.

"Mikono yako ni mizuri, Cherono-san. Lakini ukitengeneza chai unanitazama mimi. Wageni wako mbele yako, na wewe unanitafuta kwenye kona, kama mtoto anayetafuta alama."

Ilikuwa kweli.

"Oktoba alika wageni wako mwenyewe. Wasiwe wanafunzi. Mimi nitakaa kona ile ile. Ukimaliza, nitajua kama naandika."

Akawaalika watatu: Mzee Gitonga awe mgeni mkuu, akifuatiwa na Libérata na Lynette. Jumamosi iliyotangulia aliwakalisha kwenye zulia la sebuleni akawafundisha. Kula kitamu kwanza. Pokea bakuli kwa mikono miwili. Lizungushe mara mbili. Kunywa, sifu, rudisha. Mzee Gitonga aliandika yote kwenye kijitabu.

Siku yenyewe alikuja na suti na soksi nyeupe mpya, lebo moja bado imening'inia. Libérata alitoka moja kwa moja kwenye zamu yake ya kufanya usafi. Lynette alikuwa ametoa siku yake ya kulala, jambo ambalo hakuacha kulisema mpaka mlango wa karatasi ulipofungwa nyuma yake.

Cherono aliingia, akainama. Kwenye kona, Mwalimu Hamanaka alikaa kama kitu kilichosahauliwa hapo.

Bakuli la kwanza lilikwenda kwa Mzee. Alilizungusha mara mbili, akanywa kwa heshima kubwa, na uso wake haukusema lolote kuhusu mchicha. La pili kwa Libérata. La tatu kwa Lynette, aliyechungulia ndani, kisha akainua macho.

"Chero," alinong'ona, "hii ndiyo yote?"

Libérata akamfinya paja.

Cherono akasuuza bakuli, akangoja. Katika chai ile mwenyeji hasemi imetosha. Huendelea kutengeneza, bakuli baada ya bakuli, mpaka mgeni mkuu amwombe amalize. Ni sentensi moja tu, fupi. Na hapo, mikono ikiwa mapajani, Cherono akakumbuka kwamba katika yote aliyomwandikisha Mzee Gitonga, sentensi hiyo hakumpa. Miaka minne alikuwa amekaa na watu wanaoijua, akaisahau kama mtu anavyosahau kuwa anapumua.

Mzee alimtazama akitabasamu. Kwake yeye, mgeni kusema inatosha wakati mwenye nyumba bado ana maji ya moto mbele yake ni kumwaibisha mwenye nyumba.

Akatengeneza bakuli la nne. Mzee akanywa lote. La tano, la sita.

Angewezaje kumwambia? Mwenyeji wa kule Kyoto hamfundishi mgeni wake mbele za watu. Mwenyeji wa Kericho hamwambii mgeni kwamba chai imekwisha. Njia zote mbili zilikuwa zimezibwa, na adabu ndiyo iliyoziziba. Akatupa jicho kwenye kona. Mwalimu alikuwa akitazama mikeka.

"Tutakaa hapa mpaka Krismasi," Lynette alimnong'onezea Libérata. "Miguu yangu imekufa. Kweli, siisikii."

"Kunywa. Yeye mwenye kupika hajachoka, wewe unachoshwa na nini?"

"Naona kijani kila mahali, mama."

Cherono alisikia, akatamani kucheka, na tamaa ile ya kucheka ikamlegeza mabega. Bakuli la saba alimpa Mzee, akaona kwamba mkono wa kushoto wa Mzee unatetemeka. Ulikuwa ukitetemeka tangu mwanzo. Hakuwa ameuona. Alikuwa ameona soksi, na mpangilio wa vyombo, na kona.

Alipochota unga wa majani ya chai kwa bakuli la nane alimtazama Libérata. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa imepasuka kwa dawa ya kusafishia, na bakuli kila mara lilikuwa la moto, na kila mara Libérata alikuwa amelipokea bila kulalamika. Cherono alimimina maji, akaacha upawa utulie. Akangoja maji yapoe kiasi cha pumzi tano. Chumba kikatulia mpaka ikasikika sauti ya birika, sauti nyembamba kama ya upepo unaopita kwenye misonobari mbali sana. Hakuwa na haraka. Hakumtafuta mtu yeyote. Akalikoroga, akaliweka mbele ya Libérata.

Libérata akalishika, akashangaa kwamba halichomi. "Asante, dada yangu," akasema, nje ya yote aliyofundishwa.

Lynette akapewa la tisa, akalinywa akiwa amefumba macho. La kumi lilipomfikia Mzee Gitonga, alichungulia birika na kuona maji yamekaribia kwisha. Akanywa. Akaweka bakuli chini. Akakohoa kidogo, akafanya kile alichokifanya mwisho wa kila mkutano aliouhudhuria kwa miaka hamsini.

"Tuombe," akasema.

Vichwa vikainama. Akamshukuru Mungu kwa safari njema na kwa mikono ya binti huyu. Akayashukuru maji. Akamwombea mama aliyekaa kwenye kona, ambaye hatulijui jina lake la kwanza lakini wewe Bwana unalijua. Kwa kipimo chake yalikuwa maombi mafupi. Mwalimu Hamanaka, asiyejua neno moja la Kiswahili, aliinama mpaka paji la uso likakaribia mkeka.

"Amina."

"Amina," wakaitika. Cherono naye akainama, akatamka kwa Kijapani kwamba sasa atamaliza, akaanza kukusanya vyombo.

Wageni walipokuwa nje wakimsaidia Lynette kusimama, maana ilibidi atoke akitambaa, Mwalimu alikuja akapiga magoti kando ya birika.

"Yule mzee alisema nini?"

"Alimshukuru Mungu, Mwalimu. Na maji. Na akakuombea wewe."

"Alikuwa na haki ya kumaliza. Ndiye mgeni mkuu. Hukumfundisha maneno."

"Nilisahau."

"Hilo ni kosa kubwa."

"Ndiyo."

Mwalimu akachukua bakuli, akaligeuza, akalitazama chini kana kwamba kuna maandishi.

"Mabakuli saba ulinitazama. La nane hukunitazama. Wala la tisa, wala la kumi." Akaliweka. "Barua nitaiandika kesho asubuhi. Asubuhi macho yangu ni mazuri."

Libérata alipoisikia habari hiyo kwenye treni alipiga vigelegele mpaka behewa zima likageuka. Lynette alisema sawa, hongera, lakini nani sasa atanitoa kwenye blanketi? Machi, shule ya Kyoto ikiwa imempokea na theluji ikiwa bado imerundikwa kando ya barabara ya Kipling, Cherono aliaga kazini, akawaaga wazee wake mmoja mmoja, bila kutazama saa.

Mwaka wa masomo uliongezewa wa pili. Sasa anaishi katika mji wa Uji, kusini mwa Kyoto, katika chumba kilicho juu ya duka la mchele, na kila asubuhi hupanda treni kwenda shule.