Mama Aliponisemea kwa Afande

Wenzangu, jambo hili bado linaninyima raha. Niliacha mafunzo ya jeshi wiki ya tatu, na barua yangu ya kuondoka ikaandikwa "mtoro". Kila nilikoomba kazi ya ulinzi, neno hilo lilinirudisha nyumbani. Basi nikakata rufaa, nikaomba liandikwe "ameruhusiwa kwa maradhi ya goti". Goti lenyewe, nisiwafiche, lilikuwa zima.

Afande mmoja pale Kibiti akaniambia nilete mzazi athibitishe. Nikamfuata mama kijijini kwetu Kiongoroni, lakini nikaona aibu kumweleza uongo wangu. Nikamwambia tu, "Mama, twende ukanisemee, barua yangu ibadilishwe."

Ofisini sikutulia. Nilikaa, nikasimama, nikachungulia dirishani, nikakaa tena, hadi bandeji niliyojifunga gotini ikaanza kushuka.

"Kijana, hilo goti halikuumi?" afande akauliza.

"Linauma sana, afande."

Akamgeukia mama. "Shikamoo, mama. Hebu tueleze, mwanao alirudi na hali gani?"

Mama akajiweka sawa kitini. Kumbe alidhani tumekwenda kuomba nirudishwe jeshini!

"Marahaba, mwanangu. Seifu hana ugonjwa wowote. Juzi tu kabeba boriti za mikoko kutwa nzima, tope likimfika magotini. Mchukueni, wallahi hamtajuta."

Nikamkanyaga mguu. Hakunielewa.

"Sasa alirudi kwa nini?"

"Alinikumbuka tu, baba. Alifika analia, siku mbili hataki kutoka chumbani kwangu."