Nimepaka Rangi Sebule ya Marehemu, Ukoo Umeniitia Kikao

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana wifi yangu yumo humu na anasoma kila kitu. Mimi ni mwanamke wa miaka 32, fundi cherehani hapa Kasulu. Niliolewa miaka minne iliyopita na mwanaume aliyefiwa na mkewe. Nilimkuta na binti mmoja, sasa ana miaka 13, na mimi nimemzalia mtoto wa kiume. Mume wangu anafuata maharage ya biashara Mabamba, kwa hiyo wiki nyingi hayupo nyumbani.

Nilipoingia nyumba ile nilikuta sebule yote imepakwa rangi nyekundu nzito ya damu ya mzee, kuta nne, na mapazia meusi yenye maua ya dhahabu. Dirisha ni moja na linatazama ukuta wa jirani, saa nane mchana tunawasha taa. Jamani, msiowahi kukaa kwenye chumba cha hivyo msinicheke. Nilikuwa natoka kwenye cherehani nikiwa mzima, nikikaa sebuleni nusu saa kichwa kinakuwa kizito na hasira zinapanda bila sababu. Mimi na mume wangu barazani tunacheka, tukihamia ndani tunagombana. Wageni hawamalizi chai. Yule binti ndiyo kabisa, chakula anakula jikoni amesimama.

Kila nilipotaja kubadilisha, wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu anayeishi Busunzu, alinijia juu. "Usiguse ukuta wangu! Rangi hiyo marehemu aliichagua mwenyewe, ni kumbukumbu kwa mtoto wake." Ukuta wake! Mwanamke ana nyumba yake, anakuja kutawala ya kwangu.

Mwaka huu nikambana mume wangu mpaka akasema, "Paka bwana, nimechoka." Nikaenda dukani kwa mzee mmoja muuza rangi, nikamweleza chumba kilivyo. Akaniambia, "Mama, chumba cha dirisha moja ukikipa rangi nzito kinameza mwanga wote, na mkaaji wake anakuwa mzito vilevile. Chukua krimu." Nikachukua krimu, nikashona na mapazia mepesi ya kijani. Tukapaka mimi na binti siku mbili. Mkono wa kwanza wa rangi ulitoka pinki, wa pili bado nyekundu inachungulia, wa tatu ndipo ikakaa.

Siku hiyo ya pili, tukifika kona ya kochi, yule mtoto akaacha brashi akarudi nyuma. Akasema, "Mama mdogo, usimwambie mtu. Mama alitapika damu hapa. Nilikuwa naye peke yangu. Nikafuta kochi, lakini ya ukutani sikuiona, ilifanana na rangi. Kila nikiingia najua bado ipo." Nikamuuliza baba yake alikuwa wapi. Akasema alikuwa safarini, na aliporudi alimwambia asiseme, awaambie watu kwamba mama alifia mikononi mwa baba.

Mume wangu ukoo mzima unamsifu kwa jinsi alivyomuuguza mkewe mpaka pumzi ya mwisho. Wakati huo alikuwa Mabamba, na mtoto wa miaka minane anafuta damu ya mama yake.

Nikamwokotea brashi. Tukamaliza kupaka. Na nyie mnaosema rangi haina kazi, mngemwona yule binti wiki ile. Alihamishia madaftari yake sebuleni, akawa anajilaza kwenye lile kochi mchana akipitiwa na usingizi, anaimba. Hata mimi na mume wangu tukapumua.

Wifi akaja. Akasimama mlangoni, hata salamu hakutoa. "Wewe mwanamke, umemzika wifi yangu mara ya pili." Akanitukana kwa Kiha mpaka majirani wakatoka. Nikapika, akala, akaondoka.

Mwezi uliofuata shangazi yangu akafariki, nikaenda Makere siku tatu kuzika. Narudi, namkuta binti amekaa nje kwenye sementi kavu, madaftari mapajani, macho yamevimba. Nikaingia ndani. Damu ya mzee! Kuta zote nne, bado mbichi inanuka. Wifi alikuwa amemleta fundi, na mume wangu alikuwepo, yeye mwenyewe ndiye aliyesogeza makochi. Wifi ameketi katikati, anatabasamu. "Sasa nyumba imerudi kuwa nyumba," akaniambia.

Hapa ndipo naungama. Nilichukua ndoo ya krimu iliyobaki nusu nikaimwaga yote kwenye ule ukuta. Ikamrukia wifi kitenge na kichwa, na ikafunika picha ya marehemu ambayo wifi alikuwa ameitundika muda uleule. Kwa wifi sijutii hata tone. Picha ndiyo inaniuma.

Sasa ukoo umeniita Busunzu Jumamosi. Natakiwa nipige magoti mbele ya wote niombe msamaha, nikikataa nirudi kwetu bila mtoto wangu. Mume wangu hathubutu kunitazama usoni, anasema tu, "Omba radhi yaishe." Nilimwambia najua alikuwa wapi siku ile mkewe anakufa. Akatoka nje, na tangu hapo analala kwa mdogo wake. Binti naye kanishika gauni, "Mama mdogo, ukisema watanichukia mimi kwamba nilimwacha mama afe."

Nikisema, nanusurika mimi na namvunja mtoto aliyeniamini. Nikinyamaza, napiga magoti kwa yule mwanamke, na mtoto anaendelea kula amesimama. Wa kuniandikia "ni rangi tu, vumilia" naomba wapite mbali, sina nafasi yao. Wenye akili zenu, mkiwa mahali pangu Jumamosi hiyo mngefungua mdomo au mngepiga magoti? Nishaurini, siku zinakwisha.