Kopo Lililotembea Mabatini

Mwenye sahani mkononi aitue kwanza, aifunike vizuri. Habari hii haimfai mtu anayetafuna.

Mabatini ya Mwanza, miaka ile ya ruksa, wakati kila mwenye kibanda alilala mkulima akaamka mfanyabiashara, aliishi mama mmoja jina lake Modesta. Wenzake walimwita Mama Rose. Kazi yake ilikuwa kukaanga mapanki, yaani kile kinachobaki sangara akishavuliwa minofu kiwandani, minofu ikapanda ndege kwenda kuliwa na wenye meno ya dhahabu. Huku kwetu kinabaki kichwa, uti wa mgongo na macho mawili yanayokukodolea kama mkwe aliyenyimwa chai. Modesta aliyakuta yametandazwa juani, nzi wameyavaa kama koti. Aliyaosha, akayatumbukiza kwenye mafuta meusi, na jioni watu wakapanga foleni. Harufu ilimwingia mpaka kwenye mifupa. Padri alimpa komunyo huku amebana pumzi.

Kinyaa hakukijua. Aliweza kuchokonoa funza kwenye shavu la sangara kwa ukucha, akajipangusia kwenye kanga, na umbea ukaendelea pale pale ulipoachwa.

Kitu kimoja tu chini ya jua kilimpindua tumbo: kopo la mumewe.

Mumewe, Mzee Shigela, alikuwa fundi mitumbwi. Kwa kuinama miaka mingi kuziba nyufa, mgongo ulianza kumuuma. Akaenda kivukoni, akamkuta kijana Mayala ametundika sinia ya dawa shingoni, vidonge pamoja na nyembe, betri na pipi. Mayala alilamba kidole, akanasa vidonge viwili vya maumivu, akampa. Mgongo ukanyamaza. Tangu siku ile Shigela akawa mtu wa dawa. Cha maumivu asubuhi, cha maumivu jioni. Tumbo lilipoanza kuwaka akaongeza rangi mbili, vile vya nusu nyekundu nusu njano. Rangi mbili zilipomharisha akaongeza vya kufunga. Usingizi ulipokimbia akaongeza vya kulalia. Akala hata vya uzazi wa mpango, kwa sababu vilikuwa vidogo vizuri na pakiti yake ina ua. Kidonda cha mguuni alikifungulia rangi mbili akamwaga unga wake juu, mpaka kikafanya gaga la manjano, na chini ya gaga kikaendelea kuoza taratibu bila kusumbuliwa na mtu.

Wanaomjua wanaapa kwamba akipanda mawe ya kilima kurudi nyumbani ulivisikia vidonge vikicheza ndani yake, cha-cha-cha, na kuku wa watu walimfuata mpaka mlangoni wakidhani amebeba mtama.

Mali hiyo yote ilikaa kwenye kopo la maziwa ya unga lenye picha ya mtoto mnene anayecheka. Jicho moja la mtoto lilikuwa limekwanguka. Ndani, joto la bati lilikuwa limeyeyusha vidonge vikashikamana kama mavi ya mbuzi, vingine vimeota manyoya ya kijani. Siku moja Modesta alifungua akakuta mguu wa mende. Mguu tu. Mende mwenyewe alikwenda wapi, Shigela ndiye aliyejua, na tumbo lake.

Basi mtu angecheka, kama si jambo moja. Shigela alikuwa akiisha. Suruali zilimkimbia kiunoni, mikono ilitetemeka mpaka nyundo ikampiga mwenyewe. Na Modesta, anayefagia choo cha nyumba, aliona jambo ambalo hakumwambia mtu: haja ya mumewe ilikuwa nyeusi tii, yenye kunata, kama lami. Alijua mtu hatoi lami akawa mzima.

"Baba Rose, nenda hospitali. Hilo kopo linakumaliza."

"Mwanamke wa mapanki unajua nini kuhusu dawa?" Shigela alitema mate kando. "Kama kopo lingekuwa linaua, ningekufa zamani. Mimi ninaishi kwa sababu yake."

Modesta alilificha mara mbili. Mara zote mbili mumewe alilipata kwa kulinusa.

Ndipo balozi wa nyumba kumi, Bwana Ngosha, alipopita akipiga kelele kama jogoo mwenye mafua.

"Wananchi! Kesho tunapata wageni! Madaktari, mmoja ametoka Uswidi! Wanapita kila nyumba kuangalia dawa mlizonazo. Nawaomba msinitie aibu. Nyumba itakayoonekana haina dawa, wataandika hapa wanaishi wanyama."

Wageni hawakuwa wamesema hivyo hata kidogo. Walikuwa na kazi yao ya nchi na nchi, Tanzania, Uswidi na India zimeshikana mikono, kutafuta ni dawa gani watu wanameza bure na namna ya kuwapunguzia. Lakini nani Mabatini alipata kusikia mgeni amesafiri ndege kuja kukupunguzia kitu? Mgeni anakuja kuongeza. Mradi unakuja na vyandarua, na maharage, na blanketi. Kwa hiyo mtaa ulielewa kama unavyoelewa siku zote: mgeni akija, anayepungukiwa huazima. Jirani hukuazima vikombe, kiti chenye mto, hata mtoto msafi akae mlangoni. Safari hii wakaazima dawa.

Asubuhi jirani wa mlango kwa mlango, Odeta, mwanamke wa sauti nzito na makalio yenye maoni yake, alisimama uani.

"Shemeji Shigela, mwangaluka! Sisi huku chini hatuna kitu, tuna Vicks iliyokauka na hirizi. Tuazime kopo."

"Chukueni." Shigela alivimba kama chura. "Lianze kwa Suzana kule chini, lipande nalo mpaka kwangu. Lakini lifike kabla ya wageni! Kwangu ndiyo nyumba ya mwisho, nataka wamalizie na karamu."

Kisha akafikiri. Kopo litakuwa safarini kutwa, naye atakula nini? Akachota cha asubuhi, cha mchana na cha jioni, na kwa kuwa safari ina mambo, akaongeza na cha kesho. Akajaza kiganja, akatupa kinywani, akasukuma na maji ya gongo. Hakuwa ametia hata punje ya ugali. Modesta alimtazama koo likipanda na kushuka kama la mamba anayemeza ndama, akageuza uso ukutani.

Wageni wakaja. Yule Mswidi, Daktari Anders, alikuwa mrefu hata kunguru walimwendea kutafuta pa kutua. Mwenzake alikuwa Daktari Taramati, Mhindi mzaliwa wa Mwanza, ukoo wake wenye duka Nyamagana tangu enzi za babu. Kiswahili chake kilikuwa cha hapa hapa, na Kisukuma alikisikia chote, ukimsengenya umekwisha.

Kopo likafanya kazi. Wageni wakiwa kwa Suzana linachekea mkekani. Wakitoka kwa mlango wa mbele, lenyewe linatoka kwa mlango wa nyuma chini ya kanga, linaruka mawe, na wakifika nyumba ya pili mtoto mnene anawangoja, jicho moja, anacheka. Na kila nyumba liliongezwa heshima kidogo. Mmoja alitia dawa ya kuku. Mwingine dawa ya kuogeshea ng'ombe, imekauka mabonge. Mwingine kidonge alichokimumunya nusu mwanawe akakitema, akaona si vizuri kukipoteza.

"Hizi zote mnakunywa?" Daktari Taramati aliuliza kila mahali.

"Zote, daktari! Na bado hazitutoshi!"

Mambo yaliharibika kwa Odeta. Wageni walichoka, wakaomba kukaa, na Daktari Taramati akalipakata lile kopo akaanza kuchambua moja moja. Odeta alikohoa, akatoa macho, akaonyesha kwa nyusi upande wa nyumba ya jirani. Nani wa kumnyang'anya daktari kopo? Daktari aliposimama alilirudisha mkekani, lakini milango ya nyumba zile mbili ilitazamana, na wageni walivuka papo hapo. Hakuna kanga ingepita pale.

Wakaingia kwa Shigela. Mkeka umetandikwa, juu yake hakuna kitu.

"Shikamoo mzee. Tunaomba kuona dawa za hapa."

Shigela aliutazama mkeka mtupu. Jasho lilikuwa limeshaanza kumtoka, baridi kama la samaki. "Dawa... zilikuwepo..."

"Hana!" Ngosha alidakia kuokoa mtaa wake. "Huyu mzee ana msimamo. Dawa haingii humu."

Daktari Taramati akamweleza mwenzake kwa lugha yao. Yule mrefu akainama, akaukamata mkono wa Shigela kwa mikono yake miwili, macho yamemlowa. Katika mtaa mzima, ndiyo nyumba ya kwanza isiyo na dawa!

"Anasema," Daktari Taramati akatafsiri, "kwao nako wazee wamejaa dawa makabatini. Mama yake mwenyewe alikuwa na droo nzima, kila daktari ameongeza chake na hakuna aliyetoa, mpaka akaanguka jikoni. Mimi nimekwenda huko, nimefungua makabati ya bibi zao. Takataka zile zile, ila pakiti ni nzuri zaidi. Mzee, utusaidie. Saa tisa tuna mkutano pale kiwanjani. Usimame, uwaambie wenzako unaishije."

Shigela aliponyoosha mgongo, Modesta alimwona akigeuka mtu mwingine. Aibu ilitoka kwa mlango mmoja, sifa ikaingia kwa mwingine. "Nitasema," alisema.

Modesta alikuwa na neno la lami kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza. Alijiambia: acha asimame mbele za watu aseme hali dawa. Mume wangu hawezi kuacha kopo kwa ajili ya roho yake, lakini kwa ajili ya sifa ataacha. Uongo huu unaweza kumponya. Hilo ndilo alilojiambia, na hata siku za baadaye alipolikumbuka alijisikia kama amelamba sinia ya Mayala.

Saa tisa kiwanja kilijaa. Modesta alikuja moja kwa moja kutoka kwenye mapanki na beseni lake kichwani. Shigela alisimama mbele, amevaa koti.

"Ndugu zangu!" Sauti ilitetemeka lakini ilikwenda. "Mimi dawa? Hata ladha yake siijui! Mwanamume wa Kisukuma anakula ugali, anakula maziwa, anakaza mwili! Nyinyi mnaomeza meza..."

"Weee Shigela!" Odeta, kopo bado liko chini ya kanga yake, alishindwa kuvumilia. "Mdomo huo huo?"

"Nyinyi mnaomeza meza ovyo, mmekuwa kama..."

Hakusema kama nini. Tumbo lilisema. Shavu moja lilivimba, na la pili, na Modesta aliyemjua mumewe alirusha mapanki chini akakimbia na beseni. Hakuyawahi matapishi yote. Ya kwanza yalimpata Ngosha kifuani. Ndugu zangu, hakuna upinde wa mvua uliowahi kutoka mahali pale! Nyekundu, njano, buluu ya vya kulalia, kijani cha ukungu, vidonge vizima vizima vikidunda kwenye beseni kama mvua ya mawe kwenye bati. Kuku walikuja. Wakatazama, wakaondoka. Na baada ya rangi zote ikaja nyingine, nzito, nyeusi, kama machicha ya kahawa. Watu waliokuwa wakicheka walinyamaza.

Daktari Taramati alipiga magoti. Hakuziba pua. Alitazama beseni kama mtu anayesoma.

"Hii ni damu. Amekunywa nini huyu, na tangu lini? Upesi!"

Mtaa mzima ulitazama angani kama unangoja mvua. Modesta alimwendea Odeta, akaingiza mkono chini ya kanga yake mbele ya watu wote, akalitoa kopo. Akaliweka mbele ya daktari.

"Ni hili. Ni letu, si la nyumba nyingine. Anakula humu miaka. Haja yake ni lami, daktari, na mimi nilikuona asubuhi nikanyamaza."

Daktari alimtazama mtoto mnene wa jicho moja, akautazama mtaa.

"Huyu nimeamkiana naye tangu asubuhi," alisema. "Nilijua. Nilikuwa nangoja mmoja wenu aseme." Akamshika Shigela mkono. "Na mimi nilikosea kungoja."

Walimpakia kwenye gari lao. Hospitali alilala siku nyingi, akaongezwa damu, na alipotoka alikuwa na dawa moja tu, ya tumbo, kwa muda wa kumaliza kidonda cha ndani. Ya mgongo aliambiwa ainame kidogo na apumzike mara nyingi. Alilia kama mtoto aliyenyang'anywa ziwa. Kopo lilikwenda na madaktari, na wanasema mpaka leo lipo Uswidi, bibi wa huko wanaonyeshwa.

Wiki ileile alipotoka, Shigela alikuwa amekaa nje akiota jua, Modesta pembeni akipara magamba. Mayala akapanda mawe na sinia yake.

"Shikamoo mzee wangu! Pole sana na hospitali. Hao wazungu wamekuonea. Nina mpya, za kutoka Nairobi, hizi rangi tatu." Akalamba kidole.

Mkono wa Shigela ulinyooka. Ulijinyoosha wenyewe, kama mkono wa mtoto kwenye sukari, na Modesta akauona.

Aliinuka, akakung'uta magamba, akachukua beseni lile, lile lile la kiwanjani, akampakatisha mumewe magotini.

Shigela akatazama ndani. Lilikuwa safi, limesuguliwa kwa mchanga mpaka linang'aa. Lakini alitazama kwa muda mrefu, koo likapanda, likashuka. Mkono ukarudi.

"Mayala," alisema polepole, "futa kwanza hicho kidole chako. Halafu uondoke hapa, nisije nikakutapikia."

Mayala akajifuta kwenye shati, akahamisha sinia begani, na kabla hajafika kwenye mawe ya chini walisikia sauti nzito ya Odeta ikimwita: "We Mayala! Rangi tatu ndiyo nini? Hebu lete nione."

Modesta akatema mate, akarudi kwenye samaki wake.