Nyayo za Kuku kwenye Boneti

Gari langu nililipaka seramiki mwenyewe, ile dawa ya kulinda rangi, uani kwangu Soweto, Mbeya. Ilikuwa haijakauka mama alipofika kutoka Idodi na kuku wa kuniletea. Kuku akamponyoka, akarukia boneti, akaitembea yote. Nikamfokea mama mbele ya majirani. Akatoa khanga begani akaanza kufuta, mabaka yakazidi. Kesho yake asubuhi akapanda basi.

Seramiki ikishakauka haitoki kwa maji, mpaka uisugue kwa polishi. Mabaka niliyoyaacha mwenyewe milangoni wakati wa kupaka niliyasugua yakaisha. Boneti bado. Tangu tumzike mama, kila Jumamosi nachukua polishi, nasimama mbele ya zile nyayo za kuku na michirizi ya khanga, halafu naenda kuosha matairi.